Bi Kinyaa na Kimo cha Pia

Wanafunzi walimwita Bi Kinyaa, naye alijua. Mimi nilimwita Mama Mdogo, kwa sababu alimfuata mama yangu kuzaliwa na ndiye aliyenilea mama alipotutoka. Tulifundisha shule moja, yeye hisabati, mimi historia, na meza zetu katika chumba cha walimu zilitazamana. Nimekaa miaka mingi nikiuangalia uso ule, kwa hiyo naweza kusema bila kumwonea: jina lilimkaa. Alikuwa na pua nyembamba iliyojikunja upande mmoja kabla mdomo haujatamka neno. Kijiko kimetoka kwenye chai kikarudishwa kwenye sukari, pua. Mwenzetu amelamba kidole ili afunue karatasi, pua. Kifutio cha ubaoni kimelowa mpaka kinanuka, pua tena, kisha alikishika kwa ncha za vidole viwili kama anayemtoa panya mtegoni, akakianika dirishani bila kumwambia mtu.

Kamasi ndizo zilizomshinda kabisa. Alipoanza kazi alipangiwa darasa la kwanza, na hakumaliza muhula. Alisema watoto wale walimjia na pua zao kama mishumaa inayoyeyuka, wakajifuta kwenye sketi yake, na kila mchana alirudi nyumbani chakula kikamkataa. Akaomba apelekwe darasa la juu, akapewa, na tangu hapo hakushuka. Walimu wenzetu walimtania. "Bi mkubwa, na ungezaa je?" Alijibu kwamba Mungu anajua kumpangia mja wake, ndiyo maana alimpa mtoto wa dada, tena amekwisha kujua kupenga.

Mtoto huyo wa dada ni mimi.

Hata hivyo, kamasi na mate vilimkera tumbo tu. Kilichomkera rohoni ni jibu lililofika karatasini bila kupita kwenye macho ya mtu. Mtoto aliandika ujazo wa pia, lile umbo la mdomo wa duara linalochongoka hadi kileleni, sawasawa, namba ya mwisho sahihi, naye akamwita mbele.

"Umepataje?"

"Kanuni, mwalimu. Theluthi ya pai, mara nusukipenyo, mara nusukipenyo, mara kimo."

"Theluthi imetoka wapi?"

"Kwenye kanuni, mwalimu."

Hapo alirudi nyuma hatua, kama mtu aliyemwagikiwa. "Umenitapikia," alimwambia. "Nimekulisha mwenyewe kwa mkono wangu, na sasa umenirudishia vilevile. Hata hukutafuna."

Darasa lilicheka, mtoto alirudi kukaa, na Bi Kinyaa alifuta mikono yake kwa leso ingawa hakuwa ameshika kitu.

Kwa ajili hiyo, kila mwaka ilipofika mada ya ujazo, hakuandika kanuni ubaoni kwanza. Alichukua kopo la bati, mcheduara mzuri usio na mbonyeo, na nyumbani tulikata karatasi ngumu, tukaiviringisha mpaka ikawa pia yenye mdomo sawa na mdomo wa kopo na kimo sawa na kimo cha kopo. Tuliipaka nta ndani isivuje. Darasani aliviweka viwili hivyo mezani, akauliza: pia hii, nikiijaza mchanga na kuumimina koponi, itaingia mara ngapi? Watoto walibahatisha. Wengi walisema mbili, maana jicho linapoitazama pia huiona kama nusu ya mcheduara. Wajanja walisema mbili na nusu. Kisha aliwapa mchanga, wakamimina wao wenyewe, mmoja mmoja. Ya kwanza ilionekana kidogo mno, wakashangaa. Ya pili, wakaanza kunong'onezana. Ya tatu ilipofika mdomoni na kuishia pale, bila punje kuzidi, darasa zima lilitulia. Nilikuwa nikipita barazani nikasimama dirishani kumwona wakati huo. Pua ilikuwa imenyooka. Alikuwa mwanamke mzuri sana kwa muda wa dakika chache hizo, na nadhani mwaka mzima aliusogeza mbele kwa nguvu ya dakika hizo.

Jambo jingine alilolipigania ni kimo. Kosa la watoto katika pia ni lilelile miaka nenda miaka rudi. Ukiwaambia wapime kimo, wanalaza rula kwenye ubavu, kutoka kileleni mpaka ukingoni, kwa sababu ubavu unashikika na kimo hakishikiki, kimejificha ndani hewani. Alitundika kijiwe kwenye uzi katikati ya pia na kusema, kimo ni njia ya kijiwe. Aliwauliza kama wangekubali kupimwa urefu wakiwa wameegemea ukuta kama ngazi. Walicheka, na kwenye mtihani nusu yao walipima ubavu.

Siku moja mkuu wa shule, mtu mnene mwenye sauti ya kutangaza msiba hata anapoagiza chai, aliingia chumba cha walimu na habari. Mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, ambaye sasa alikuwa na karakana kubwa ya vyombo vya plastiki, ametengeneza vifaa vya kufundishia maumbo, na atatuletea seti yetu yeye mwenyewe, pamoja na wageni wa elimu. Ameomba jambo moja tu. Anataka mwalimu wake aliyemfundisha pia ndiye aoneshe mbele ya wageni.

"Nani huyo?" aliuliza Mama Mdogo.

Mkuu alitaja jina. Mama Mdogo alifikiri kidogo, kisha akaweka kalamu chini. "Kompasi!"

Nilikuwa nimemsikia Kompasi tangu nikiwa msichana. Alimpa jina hilo kwa sababu mtoto yule alichora duara kwa mkono mtupu likatoka kamili. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Mama Mdogo alilisimulia mezani kwetu mara kwa mara, hasa siku ambazo darasa lilikuwa limemchosha. Siku ya kopo na pia, kabla mchanga haujamiminwa, wenzake wote wakipiga kelele mbili, mbili na nusu, mtoto huyo alikuwa amekaa nyuma kabisa, akaiangalia pia, akasema taratibu, "Tatu." Katika kazi yake yote ni yeye peke yake aliyeona kwa jicho. "Mmoja," alikuwa akisema. "Ukipata mmoja, umelipwa."

Kwa hiyo juma lile alikuja shuleni na gauni alilolishona kwa ajili ya harusi ya jirani, na alipoona kijiko kilicholowa ndani ya sukari alikitoa tu.

Sanduku lilitangulia siku moja kabla ya wageni. Tulilifungua mezani, katikati ya vikombe vya chai na makombo ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafagia. Vifaa vilipendeza. Plastiki safi kama kioo, mcheduara mkubwa na pia yake, midomo inalingana barabara. Mama Mdogo alivigeuza mkononi, akavigongagonga kwa kucha, akatabasamu. Kisha akachukua jagi la maji.

Pia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilipoisha, maji yalikuwa yamesimama chini ya mdomo kwa upana wa vidole viwili.

Alimwaga yote kwenye ndoo akaanza upya, taratibu, akijaza pia mpaka maji yakavimba juu ya ukingo. Vidole viwili, palepale. Akatafuta rula. Kimo cha mcheduara, sentimita kumi na tano. Akaisimamisha pia juu ya meza, akapima kutoka kileleni kushuka wima. Kumi na mbili. Akailaza rula ubavuni. Kumi na tano.

"Nusukipenyo tisa," alisema, lakini si kwangu. "Tisa, kumi na mbili, kumi na tano. Pembetatu ya kitabuni kabisa." Akakaa. "Amepima ubavu. Kompasi amepima ubavu."

Nilisema labda ni mafundi wake. Pua ilikuwa imejikunja, ila safari hii mkunjo haukuondoka. Ulikaa pale kama kovu.

Mkuu alipoelezwa, aliitazama pia kwa mshangao wa mtu anayelalamikiwa kwamba mbuzi aliyepewa bure ana pembe fupi. "Kwa hiyo tatizo ni vidole viwili?"

"Tatizo ni kwamba si theluthi."

"Mwalimu, hao ni wageni. Nani atakuja na rula?"

Mwalimu wa michezo, kijana mwenye filimbi shingoni na kinywa kisichokosa kitu cha kutafuna, aliingilia. "Shikamoo Bi. Mbona rahisi? Tunakata ubao wa mviringo, tunautia ndani ya huo mcheduara, chini kabisa, tunaupaka rangi. Kimo kinapungua, zinaingia tatu, mambo kwisha."

"Marahaba. Meza kwanza ulichonacho mdomoni ndipo useme na mimi."

"Au ile ya tatu umimine huku jagi linasaidia kwa pembeni," alisema mkuu.

Mama Mdogo aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyekuta unywele ndani ya mchuzi na bado hajaamua kama ataendelea kula. "Mnanitaka niwadanganye watoto mbele ya macho yao."

"Ninakutaka ufanye onesho." Mkuu alishusha sauti, na iliposhuka ilikuwa mbaya zaidi. "Dada yangu, umebakiza mwaka huu na ujao ustaafu. Darasa la kwanza halina mwalimu muhula ujao, na sijaamua nani ashuke. Usinisaidie kuamua."

Basi ndipo kila kitu kilipokaa wazi. Alikuwa na darasa la juu, kopo, mchanga, na dakika zake chache za kila mwaka, na mara mbili tu zilikuwa zimebaki. Upande wa pili palikuwa na pua hamsini zinazotiririka.

Jioni ile nyumbani alisema angemfuata Kompasi kabla ya shughuli, amnong'oneze, watumie kopo la zamani. Niliona ni busara. Ila wageni walichelewa, wakaja kwa msafara, wakaingizwa darasani moja kwa moja, na Kompasi alikuwa amezungukwa kama bwana harusi. Alipomwona mwalimu wake aliwapita wote akaja kuinama mbele yake. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi cha heshima na manukato yaliyomtangulia.

"Shikamoo, mwalimu wangu."

"Marahaba, baba. Kompasi, nina neno na wewe, kabla…"

"Hakuna kabla wala baada, leo ni siku yako!" Akageukia wageni. "Mnamwona mama huyu? Huyu ndiye pia yangu na mcheduara wangu!" Wakacheka, wakapiga makofi, mkuu akamshika Mama Mdogo kiwiko akampeleka kwenye meza iliyotandikwa kitambaa.

Darasa lilikuwa limebanwa madawati mawili mawili. Maji yalitiwa wino wa buluu yaonekane vizuri. Sikujua mpaka dakika ile kwamba mwalimu wa michezo alikuwa amekaa na watoto wale asubuhi nzima akiwafundisha kushangilia. Alisimama ukutani, na kila pia ilipomiminwa aliinua mkono.

"Moja!" darasa likaunguruma.

Mama Mdogo alisita, akamwangalia, akaendelea.

"Mbili!"

Alimimina ya tatu. Maji ya buluu yalipanda, yakatulia. Kati yake na mdomo palikuwa na ukanda mweupe wa plastiki tupu, upana wa vidole viwili, ambao mimi niliyekaa safu ya mwisho niliuona kama ninavyoiona karatasi hii.

"Tatu! Imejaaa!"

Wageni walipiga makofi. Bibi mmoja wa miwani alisimama ili aone vizuri, akaona vizuri, akapiga makofi zaidi.

"Nyamazeni," alisema Mama Mdogo. Hawakusikia. "Nyamazeni!" Wakanyamaza. "Nani ameona kwamba imejaa?"

Mikono yote ikainuka.

Alimwita msichana wa dawati la mbele, mtoto mwenye akili, ambaye mwenyewe alikuwa akimsifu kwangu. "Njoo. Tia kidole humu. Yaguse maji."

Msichana alitia kidole. Kidole kilizama mpaka kwenye pingili ya pili kabla hakijalowa.

"Maji yako wapi?"

"Chini, mwalimu."

"Imejaa?"

Mtoto alimwangalia mwalimu wa michezo. Akamwangalia mkuu. Kidole bado kilikuwa ndani.

"Imejaa, mwalimu."

Nimeona watu wakichukizwa, lakini sijaona tena uso kama ule. Mama Mdogo alimtoa mtoto mkono kwa upole, akamfuta kidole kwa leso yake mwenyewe, akamrudisha kukaa. Kisha akajaza pia ya nne, akaimimina juu ya ukimya wa darasa, mpaka maji yakagusa mdomo wa mcheduara. Ndani ya pia kulibaki maji kidogo, akayainua juu wote wayaone.

"Sasa imejaa. Tatu na robo tatu. Pia hii ni fupi." Akamgeukia Kompasi. Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mama anayemuuliza mwanawe amekula nini. "Mwanangu, kimo ulipima wapi?"

Kompasi alikuwa bado anatabasamu. "Hapa, mwalimu," alisema, akatelezesha kidole ubavuni mwa pia, kutoka ukingoni kwenda kileleni. Katikati ya safari kidole kikasimama. Hakukiondoa mara moja.

Mkuu alisimama akatangaza wimbo.

Wageni walipoondoka, mlango wa ofisi ya mkuu ulifungwa, na sote barazani tulisikia kila neno. Kwamba amemvua nguo mgeni mbele ya watu. Kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kama mtoto amepima ubavu basi mlezi ajiulize. Mwishoni mkuu alimpa njia. Aende karakana kwa yule bwana akamwombe radhi, na mimi binti yake niende nikashuhudie. Akisamehewa, darasa la juu ni lake. Asipokwenda, ajue pa kukaa muhula ujao.

Nilidhani angekataa palepale. Alikubali, tena kwa moyo. Njiani aliniambia, "Lile la kumwumbua mbele ya watu sikulifanya vizuri. Kosa ni la kitoto, lakini yeye si mtoto. Ningengoja." Nilimwambia alijaribu kungoja. "Ningejaribu zaidi," alisema. Alikuwa ameshika mkoba wake kifuani, na nilijua anachokifikiria: Kompasi amekwisha kuona. Kidole chake kilisimama. Mtu anayesimamisha kidole vile ameona.

Karakana ilinuka kabla hatujafika, harufu ya plastiki iliyoungua ambayo hukaa ulimini kama mafuta ya zamani. Ndani palikuwa na joto la kuchemsha damu. Kulikuwa na pipa la maji ya kijivu, yenye utando juu, ambamo wafanyakazi walichovya maumbo yakiwa bado ya moto, na kando ya pipa mmoja wao alikuwa ameweka sahani ya wali iliyoliwa nusu, nzi wakimalizia. Pua ya Mama Mdogo ilifanya kazi yake. Lakini alipita, akainua gauni kidogo, akasalimia kila mtu.

Ofisini Kompasi alitupokea kama jamaa. Alitupa viti, akatufungulia soda, akafuta midomo ya chupa kwa kiganja. Mama Mdogo aliipokea yake akaiweka sakafuni.

"Nimekuja kukuomba radhi, baba. Si kwa nilichosema. Kwa mahali nilipokisema."

"Aa, mwalimu! Yamekwisha. Mama haombi radhi kwa mwana." Alikuwa anamaanisha, nilimwona. "Nitampigia mkuu leo leo, nimwambie sina kinyongo. Darasa lako usiwe na wasiwasi, habari nimezipata."

Basi ilikuwa imekwisha. Darasa lilikuwa limerudi. Nilimwona Mama Mdogo akishusha mabega, na mimi nikanywa soda yangu.

Nyuma ya Kompasi, kupitia kioo, zilionekana pia. Zilipangwa zikivishana kama kofia, mrundo juu ya mrundo, kutoka sakafuni hadi karibu na dari.

"Zile ni mpya?" aliuliza.

"Za juzi na leo. Zinakwenda shule nyingine."

"Kalibu ya kuzifinyangia umeibadilisha."

"Kalibu?" Kompasi alikuna shingo. "Kalibu ni ileile, mwalimu. Kuibadilisha ni kazi. Na hivi nimekwisha kuzigawa mahali pengi. Hajatokea hata mmoja akalalamika."

"Hawazimimini?"

"Wanamimina! Wengine wanamimina kabisa, kwa maji." Alicheka, si kwa ubaya. "Lakini wamimine, wasimimine, watoto watasema tatu tu. Si ndilo jibu? Jibu liko kitabuni, mwalimu, halikimbii. Uliona mwenyewe juzi."

Kompasi, akidhani anambembeleza, akaegemea mbele.

"Sikiliza nikuchekeshe. Unakumbuka ulivyonisifu siku ile, niliposema tatu hata mchanga haujamiminwa? Unadhani niliona? Nilikuwa nyuma kule, kopo lenyewe sikuliona! Kaka yangu alikuwa amepita kwako mwaka uliotangulia. Akaniambia, Bi akiuliza, wewe sema tatu." Akapiga paja. "Nikasema tatu. Ukanipenda tangu siku hiyo. Nimekuwa mtu kwa ajili ya tatu ile!"

Nje mashine ilikohoa, ikatema pia nyingine pipani.

Mama Mdogo aliinuka. Uso wake ulikuwa mweupe wa majivu, na safari hii pua haikujikunja. Ilikuwa imetulia kama ya mtu anayebana pumzi.

"Radhi yangu nimeichukua," alisema.

"Vipi, mwalimu?"

"Niliyokuomba. Nimeichukua, naondoka nayo. Usimpigie mkuu."

"Mwalimu wangu, sasa nimekosa nini? Mimi nimesema nimekusamehe!"

"Ndiyo. Na mimi sikusamehe mpaka uivunje kalibu." Akanigeukia. "Twende, mwanangu. Humu ndani pananuka."

Kompasi alitufuata mpaka mlangoni, akiuliza, akicheka nusu, akiniangalia mimi kama anayeomba nimtafsirie. Nilikuwa nimekunywa soda yake.

Njiani tulipita kwenye bomba la maji, akanawa mikono, akanawa tena, akasukutua. Nilimwambia kwamba bado hajachelewa, kwamba mkuu anataka neno moja tu, kwamba mimi shahidi nitasema radhi iliombwa na ikapokelewa, na wala halitakuwa uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku maji yakimchuruzika vidoleni.

"Utasema imejaa," alisema.

Nilifunga bomba.

Mkuu alikuwa akitungojea barazani. "Haya? Mmepatana?"

"Nipe ufunguo wa darasa la kwanza," alisema Mama Mdogo.

Mkuu alipapasa mifuko yake, ufunguo haukuwamo. Kisha akaingia ofisini akautoa. Darasa la juu alipewa mwalimu wa michezo, ambaye alikuja kumshukuru kwa dhati na kumwomba lile kopo la bati. Mama Mdogo alilifunga kwenye gazeti akampa, pamoja na pia ya karatasi, akamweleza namna ya kupaka nta. Kijana yule akaviweka juu ya kabati. Alikuwa na seti ya plastiki, mpya, inayong'aa.

Muhula ulipofunguliwa nilikuwa na kipindi kitupu, nikaenda kusimama kwenye dirisha la darasa la kwanza. Watoto walikuwa wengi kuliko viti. Alikuwa anawahesabisha vifuniko vya chupa, na mtoto mmoja mdogo, shati limekosa vifungo, alikuja mpaka kwenye meza yake kumwonesha vifuniko vyake, akapiga chafya. Yote yalimfikia Mama Mdogo mkononi, kuanzia kifundo mpaka kucha.

Nilimwona akifumba macho. Alitoka nje taratibu, akanipita bila kuniona, akashika nguzo ya baraza kwa mkono mmoja na ule mwingine akaunyoosha mbali na mwili kama si wake. Mabega yalipanda na kushuka mara kadhaa. Ndani watoto walikuwa wameanza kugombana.

"Mwalimu," mtoto yule alimwita akiwa mlangoni, "viko vinne au vitano?"

"Hesabu wewe," alisema, bado amegeukia uwanja. "Ukimaliza nitakuja kuona." Akatoa leso, akajifuta mkono, akaikunja upande safi nje, akarudi ndani kumfuta pua.